Simu Iliyowekwa Nyumba ya Mwana

Nilipochoka kubeba magunia Ogembo na kuuza mitumba Nyamarambe, nilijikuta Keroka, nikilala stoo ya duka la Mhindi aliyeuza vifaa vya umeme. Shule niliiacha darasa la saba, lakini kitu chenye skrubu hakikunipita bila kufunguliwa. Mhindi alikuwa na kompyuta mbili zilizounganishwa kwa waya. Siku alipokwenda hekaluni nilizifungua zote mbili. Aliporudi akakuta bado zinafanya kazi, alinitazama, akasema, "Wewe iko hatari," kisha akaanza kunituma kwa wateja.

Ndivyo nilivyofika kwenye boma la mzee mmoja upande wa Nyamira, mwalimu mkuu mstaafu, Msabato wa kufunga tai hata akienda kuchuma chai. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, na boma lile lilikuwa na kompyuta tatu. Ya kwanza ilikuwa nyumbani kwa mwanawe, aliyefanya kazi Nairobi. Ya pili ilikuwa kwenye kibanda cha langoni, ambako mke wa mwana huyo alichapa mitihani ya shule. Ya tatu ilikuwa mezani kwa mzee, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Simu ya kupitishia barua pepe ilikuwa moja tu, na watu wa simu waliiweka nyumba ya mwana kwa sababu ndiye aliyeiomba.

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Kwa Wagusii, baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Wanaiita ensoni, heshima na aibu kwa pamoja. Mimi mtu wa Voi sikuyajua hayo. Siku ya kwanza nilimwona amesimama uwanjani, nikamwita kutoka ndani, "Mzee, ingia uone mwenyewe!" Mkaza mwana aliangusha sufuria.

"Fundi," mzee akasema, "hata nyumba hii ikiungua, nitaizimia kwa nje."

Binti yake mdogo alikuwa anasoma India na aliandika kwa barua pepe. Mkaza mwana alizifungua, akasimama mlangoni na kumsomea mzee aliyeketi uwanjani. Lakini ensoni hiyohiyo ilimkataza kutamka mbele ya baba mkwe mambo ya mapenzi na ndoa. Akiyafikia, alikohoa na kuruka. Nilimsikia kwa masikio yangu.

"Anasema mitihani ilikwenda vizuri..." Akakohoa. "Na huko kuna joto."

"Kati ya mitihani na joto kuna nini?"

"Mafua, Tata." Tata ndiyo baba kwao.

"Yake au yako?"

"Yangu."

Mzee akanivuta pembeni. "Nimesahihisha insha miaka mingi. Aya ikitolewa, najua. Niletee barua hizo mezani kwangu nizisome mwenyewe."

Kwa siku mbili nilipitisha waya katikati ya migomba, kutoka nyumba ya mwana hadi kibandani, na kutoka kibandani hadi kwa mzee. Ulikuwa waya mmoja unaopita kompyuta hadi kompyuta. Kiungo kimoja kikilegea, zote zinanyamaza. Waya wenyewe uliniishia njiani, nikamalizia kwa ule wa antena ya televisheni. Sikumwambia mtu.

Ijumaa saa tisa ukakubali. Mzee alisoma barua zote sita kimya, kisha akatoka nje, miwani mkononi. Kulikuwa na kijana, mwanafunzi mwenzake binti, wa kutoka hukuhuku kwao. Barua ya tatu iliomba ruhusa ya baba. Ya tano iliuliza mbona amenyamaza. Ya sita, ya wiki ile, ilisema kijana anasafiri Jumamosi kuja nyumbani: "Nisipopata jibu la Tata kufikia Ijumaa usiku, nitajua amekataa. Nitamwambia asiwatume wazee wake."

"Leo ni siku gani?" mzee akauliza, na alikuwa anajua vizuri.

Jua likizama, Sabato ingeingia, na hangegusa mashine. Akaketi kujibu kwa kidole kimoja. Akaanza kwa herufi kubwa, YAH: KIJANA ULIYEMTAJA, akapigia mstari. Zikafuata salamu, kisha mvua, kisha ng'ombe aliyezaa. Mimi nilikuwa nyuma yake nikiangalia jua. Kabla ndama hajasimama, mtandao ukakatika.

Nilikimbia mgomba hadi mgomba nikikaza viungo, bure. Ule waya wa antena ulikuwa umefanya yake. Kuhamisha barua kwa disketi hakukuwezekana, maana wajukuu walikuwa wameilisha mashine yake karatasi za peremende, na ile ya kibandani pia.

"Basi mkaza mwana wako akuandikie kule kwenye simu," nikasema.

"Mimi? Maneno hayo? Ya Tata?" Mkaza mwana akajifunika uso kwa leso.

"Niandike mimi?"

"Wewe nimekujua Jumatano," mzee akanijibu.

Ni mkaza mwana aliyetuokoa. "Fundi, hiyo kibodi waya wake una urefu gani?"

Tulikwenda nyumba ya mwana, tukasukuma meza ya kompyuta hadi dirishani, tukageuza skrini itazame nje. Nyuma yake mkaza mwana akatundika shuka, ili baba mkwe asione chochote cha nyumba. Nikatoa kibodi dirishani. Mzee akaipokea, miguu ameiweka mbali na ukuta kama anayeogopa moto.

Jirani, bibi mmoja mzee, akapiga kelele kutoka kwenye ua. "Vidole vimeingia! Nimeviona!"

"Vidole viko nje," mzee akamjibu bila kugeuka. "Yanayoingia ni maneno."

Jua lilikuwa limekalia kilima. Safari hii hakukuwa na mvua wala ng'ombe. Aliandika: "Wazee waje. Sikuwa nimeambiwa. Tata." Nikabonyeza kutoka ndani, modemu ikawasha taa zake.

"Imeenda?"

"Imeenda."

Akanirudishia kibodi haraka na kwenda kunawa mikono.

Jumapili nilirudi na waya halali kutoka Keroka. Nilimkuta mzee palepale dirishani. Mkaza mwana alikuwa amemwekea kigoda nje, na shuka alikuwa ameipiga pasi. Jibu lilikuwa limefika: "Asante, Tata. Watakuja Desemba."

Nilimwambia sasa ataweza kusoma mezani kwake. Akaniambia nisimsumbue. Nikasimama na waya begani, naye akalisoma tena jibu lile, midomo ikitembea.