Wifi na Mafuta ya Kung'arishia Meza

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wifi hakungoja jembe. Siku ya tatu alijitwalia kitambaa na chupa ya mafuta ya kung'arishia meza, akaifuta mimea yote iliyoning'inia kwenye dirisha la sebule, jani kwa jani.

Mwenye mimea ni mpiga pasi katika duka la dobi. Kutwa anasimama ndani ya mvuke akinyoosha mashati ya watu wasiomjua. Nyumbani ana mimea kumi na miwili ya hewa, isiyotaka udongo wala chungu. Mmoja una majani yaliyojisokota kama nywele za aliyetoka kulala, mwingine una tumbo la kitunguu, mwingine unaning'inia kama ndevu za mvi. Kila Jumapili huizamisha kwenye beseni, huikung'uta kichwa chini ili maji yasilale katikati yakaiozesha, kisha huirudisha kwenye vitundikio vya waya vilivyotupwa kazini.

Mkubwa kuliko yote ulikuwa wa rangi ya fedha. Aliulea miaka tisa. Mmea huo huchanua mara moja tu maishani, na mwezi ule bua jekundu lilikuwa limeanza kuchomoza.

Jioni alipotoka kazini aliukuta umekuwa kijani, unang'aa kama kiatu cha bwana harusi.

"Wifi, nani kafanya hivi?"

"Mimi! Vumbi lile, wifi yangu, nilidhani nyumba haina mwanamke."

"Lile si vumbi. Ndiyo midomo yake. Hapo ndipo unaponywea maji."

"Mmea una midomo? Basi utatusengenya!"

Mume wa mpiga pasi akacheka. Kicheko hicho, cha mwanamume asiyetaka kuchagua kati ya dada na mke, nimekisikia katika lugha nyingi, na hakijawahi kunichekesha.

Mpiga pasi aliiosha mimea yote kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, mpaka vidole vikakunjamana. Kumi na mmoja ilijikongoja. Ule wa fedha ulishiba mafuta.

"Hasira hasara, mke wangu," alisema mume. "Majani tu. Nitakununulia mengine."

"Utaninunulia miaka tisa? Duka gani hilo?"

Siku ya kumi bua liligeuka kahawia, likainama, likakatika lenyewe. Mpiga pasi aliuweka mmea mzima juu ya meza ya kulia, ile inayong'arishwa kwa mafuta yaleyale, katikati, mahali pa bakuli la mboga.

"Kwa hiyo unaninunia kwa ajili ya majani?" wifi aliuliza.

"Sikununii. Anayenuna hunyamaza. Mimi nakukasirikia, na nakwambia."

"Haya, pole."

"Pole hupewa aliyepatwa na msiba wa Mungu. Huu una mwenyewe."

Wifi alimtazama kaka yake. Kaka alitazama sakafu. Walikula wakiwa wameshika sahani mapajani, na kesho yake vilevile, kwa kuwa mpiga pasi hakukubali mmea uondolewe mezani.

Jumamosi wifi alifunga begi. Mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, alisema harakaharaka, kama anayetema mbegu:

"Nisamehe, wifi. Niligusa kisicho changu."

"Nimekusikia," alijibu mpiga pasi.

Hakusema amesamehe. Alimfungulia mlango, akamshikia begi mpaka barabarani.