Shujaa Wangu Alipoogopa Kupiga Kengele

Nilikuwa naandika mchezo wa redio, na shujaa wangu alikuwa mwendesha baiskeli wa kuvusha mizigo mpakani. Akina mama wa soko la Busia walimpenda kama mtoto wao. Kila Jumamosi alasiri alishinda: maafisa, mafuriko, hata wakwe. Mimi mwenyewe nilianza kumchoka. Mtu asiyekosea ni kama ugali mtupu, utashiba lakini hutausimulia.

Basi nikampa kosa langu. Sijui ulikuwa ujasiri au ujinga.

Zamani mimi na kaka yangu tulivusha sukari kwa njia za panya karibu na Malaba. Mimi nilitangulia na baiskeli tupu, yeye akafuata na magunia. Nikiona watu wa forodha, napiga kengele mara mbili, naye anageuza. Asubuhi moja niliwaona watatu, wamechuchumaa kando ya mihindi. Kidole kilikuwa tayari juu ya kengele. Nikaogopa kwamba nikipiga watanikamata mimi. Nikawaamkia kwa adabu, nikapita. Kaka akaingia mikononi mwao, akakurupuka, akaanguka mtoni na kuvunjika mguu. Mpaka leo anachechemea. Nyumbani nilisema sikuona mtu.

Jumamosi kosa hilo lilipotangazwa redioni nilikwenda kwake Malaba, anakotengeneza baiskeli. Hakosi kusikiliza mchezo wangu. Nilitaka kukaa mbali, kisha nikaogopa zaidi kumwacha asikilize peke yake. Shujaa akawaona maafisa. Alipopita bila kupiga kengele, kaka aliweka spana chini. Nina ndugu huyo mmoja tu, na nilikuwa na hakika nampoteza.

Mama muuza samaki aliyekuja kuziba pancha alifoka, "Ai! Kumbe huyu ni mwoga hivi? Mimi simsikilizi tena!"

"Ngoja, mama," kaka akasema. "Sasa ndio amekuwa mtu. Alikuwa anashinda kila wiki mpaka nikachoka na yeye."

Mama akachukua baiskeli yake, akaenda. Kaka akazima redio. Nilitamani anitukane, au anirushie hiyo spana, tumalizane.

"Mimi nilikuona," akasema. "Nilikuwa huko juu kwa kilima. Uliwaona, ukawasalimia."

Sikuweza kumtazama. "Sasa mbona ulikuja?"

"Nilisema, hao wakiwa wabaya, ndugu yangu atapiga kengele. Nikateremka."

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Kumbe miaka yote hiyo alijua, akanilisha, akacheka na mimi, akanisikiliza redioni.

"Sasa wiki ijayo," akauliza, "huyu mtu wako atamwambia nini ndugu yake?"

Sikuwa nimeandika bado. Nikavuta kigoda, nikakaa karibu na ule mguu wake, nikaanza kusema bila karatasi.