Mara ya Tatu

Uwanja wetu wa ndege ni mdogo kiasi kwamba anayekukatia tiketi ndiye anayebeba sanduku lako, na ndiye anayesimama nje kwenye theluji na fimbo za taa kuiongoza ndege. Huyo ni mimi, Verna. Kwa hiyo watu wa hapa nawajua kwa mizigo yao, na Signe Skoglund nimemjua tangu alipokuwa akibandika pua kwenye kioo changu kutazama injini zikizimwa.

Alikuja kuwa rubani. Alisomea Arizona, akabaki huko akifundisha wanafunzi mpaka saa zake za angani zikatosha kuajiriwa. Masika ile akarudi nyumbani kwa siku chache, na kampuni mbili zinamtaka. Zote za ndege ndogo za abiria, zile ambazo kila rubani mchanga huanzia. Ya Dallas ilikuwa inakua haraka, na ukapteni ungemjia upesi. Ya Minneapolis ilikwenda kwa mwendo wa konokono, lakini kituo chake kilikuwa karibu, na ndege zake ndizo hizi zinazotua kwangu. Na marubani hawahamahami hivi hivi. Nafasi yako kwenye foleni ya vyeo huhesabiwa tangu siku uliyoingia. Ukienda kwingine, unaanza mkiani.

Jumapili baada ya kanisa nilipita kwa baba yake, Arne, mkulima wa bitiruti za sukari. Tangu mkewe afariki anaishi peke yake na redio.

"Kahawa, Verna?"

"Aa, hapana, nimepita tu."

"Ipo tayari lakini."

"Usijisumbue, Arne."

"Kidogo tu."

"Haya basi, nusu kikombe." Nikanywa vitatu na keki ya tufaha juu yake. Ndivyo tulivyolelewa kaskazini mwa Minnesota. Anayekubali mara ya kwanza tunamwona mlafi.

Signe akauzungusha uma kwenye sahani. "Baba, nikichukua ya Minneapolis nitakuwa karibu. Ungependa?"

"Aa, mimi usinijali," alisema Arne. "Nenda Dallas."

"Sawa," akasema Signe, uso umemshuka.

Arne akakitazama kikombe chake. Akangoja. Yule binti akainuka kuosha vyombo! Nusura nimpige teke chini ya meza. Miaka yote ile kwenye jangwa la Arizona, kwa watu wanaosema ndiyo wakimaanisha ndiyo, ilikuwa imemharibu mtoto wa watu.

Nilijiambia hayanihusu. Nikakaa nayo siku tatu, na yakanichoma.

Jumatano Arne alimleta Signe uwanjani, arudi Arizona kufungasha vitu vyake. Mzee alikwenda kukaa kwenye benchi, kofia magotini. Nikauweka mkoba wa Signe kwenye mizani.

"Umeshawajibu?"

"Bado. Nikifika tu nawaambia Dallas nakuja." Akainama. "Nilidhani atataka nibaki, Verna. Hakutaka."

"Ulimwuliza mara ngapi?"

"Mara moja. Si ulikuwepo?"

"Mara moja! Wewe, umezaliwa hapa au uliokotwa barabarani? Huyo mzee hata kahawa hakubali mara moja, akubali mtoto wake?"

Mkono ukamwenda kinywani. Kisha akageuka. Abiria walikuwa wanne na walikuwa wanataka kupanda, lakini hapa hapandi mtu mpaka mimi niseme, na mimi nilikuwa natafuta miwani yangu, ambayo nilikuwa nimeivaa.

Alichuchumaa mbele ya baba yake. "Baba. Nichukue ya Minneapolis?"

"Lo, mwanangu. Huko ukapteni utakawia."

"Najua utakawia. Niichukue?"

Arne aliigeuza kofia yake. Akaitazama ndani kama mtu aliyepoteza kitu humo. Mdomo ulimtetemeka, naye si mtu wa kutetemeka; siku ya maziko ya mkewe alikuwa akiwaelekeza watu pa kuegesha magari.

"Basi," akasema, "kama si usumbufu."

"Si usumbufu, Baba."

"Chumba chako kipo. Sijakigusa."

Signe akamlalia begani, akicheka na kulia kwa pamoja, na Arne akampigapiga mgongoni kwa kiganja kilichonyooka, kama mtu ampigapigavyo ng'ombe kumtuliza. Abiria wote wanne wakaanza kuchunguza viatu vyao. Mimi nilichukua mizigo nikatoka nje. Nilimpenda sana mzee yule wakati ule, na binti pia, nikaogopa wasije wakaniona.

Kesho yake, ndege ya mchana ilipokaribia, namwona Arne kwenye benchi lile lile. Hana mgeni wa kupokea, hana safari. Amevaa koti lake la kanisani.

"Verna," akaniita, macho kwenye kioo. "Hii ya kutoka Minneapolis hutua saa ngapi kila siku?"

"Arne, mtoto hajaanza hata mafunzo. Mpaka arushe hii ni miezi."

"Najua," akasema. "Nauliza tu."

Nikamwuliza kama atakunywa kahawa.

"Ndiyo," akasema.