Cheti kilichogandishwa kwenye ubao, na siku baba alipokileta chuoni

Wakuu, heshima kwenu. Haya yalinitokea mwenyewe, na chumvi sijaongeza.

Mimi ni mtu wa Tlawi, Mbulu. Miaka ile mkoa wa Manyara bado mchanga, nilikuwa masjala ya chuo kikuu kimoja. Kazi yetu ilikuwa kuskani mafaili ya karatasi na kuyaingiza kwenye kompyuta.

Tukaanza na ya wafanyakazi. Kila mtu alete cheti chake halisi cha masomo, na asiyeleta hadi Ijumaa ajira yake inasimamishwa. Mimi nilikuwa nawakumbusha wenzangu kwa ukali kabisa, kumbe changu kiko ukutani kwa baba!

Kwetu cheti cha mtoto ni cha nyumba nzima. Mgeni anaonyeshwa kabla hata ya chai.

Nikapiga simu.

"Shikamoo baba. Naomba kile cheti."

"Marahaba. Hakitoki."

"Kwa nini baba?"

"Fundi seremala wa Dongobesh alikibandika kwenye ubao na gundi ya mbao. Nikivuta kinachanika."

Wakuu, usiku huo sikula.

Alhamisi nikamwona baba getini, blanketi begani, ubao kifuani. Safari nzima ameupakata kwenye basi, konda hakuruhusiwa kuugusa.

Kimbembe kikaanza. Ubao ni mnene, mfuniko wa skana haufungi, mwanga unaingia na maandishi hayasomeki. Tukarudia, wapi!

Bosi wetu, mama mmoja mpole, akasema, "Shikamoo mzee. Naomba tutumie hilo blanketi."

Tukafunika. Baba akakandamiza kwa mikono miwili kama anamshika ndama wa kuchanjwa.

Ikatoka safi, ila pembeni kimeingia kidole gumba cha baba. Bosi akacheka, akasema inasomeka, inatosha. Ajira ikapona.

Nikamwomba baba aniachie ule ubao.

"Ninyi mmeshapata cha kwenu," akasema. "Mama yako anasubiri cha kwake."

Akaondoka nao. Nilimpenda sana yule mzee.

Somo: mzazi akikutunzia kitu, usimcheke namna anavyokitunza. Vyenu viko wapi, wakuu? Leteni visa vyenu hapa, nasoma comments zote.

Baba alishatangulia. Juzi tumehamia mfumo mpya, jamaa wa IT akaniambia anaweza kukifuta kile kidole, cheti kipendeze.

Nimemwambia akikigusa tutakosana.