Barza Iliyogeuzwa Veranda

Katika hoteli ile ya Chake Chake nilikuwa mpokea wageni kwa miaka mingi, na sikuiona nzuri hata siku moja. Ilipokuwa mali ya umma, maji tuliwapelekea wageni kwa ndoo. Orodha ya vyakula ilitaja kuku, kamba na pweza. Jikoni mlikuwa na chai na mkate. Meneja alisinzia mezani mpaka adhana imwamshe. Lakini barza ya mbele ilikuwa ya watu wote, na ami yangu, mwalimu mstaafu wa Madungu, alikaa pale na wenzake kila baada ya sala ya alasiri, wakinywa kahawa.

Kisha akaja mwekezaji. Akabadilisha jina, akaleta mlango wa njumu za shaba kutoka kwa seremala wa Unguja, ungali unanuka vanishi, nasi tukaamrishwa tuwaambie wageni kwamba ni wa enzi za masultani. Barza ikaitwa veranda, ikatandikwa mito, ikawekewa mlinzi.

Ami alipokuja, mlinzi alimuuliza analala chumba gani. Meneja mpya, msomi wa utalii, akatoka kumweleza kwa upole mwingi kwamba pale ni pa wageni tu. Ami akasema basi leo yeye mgeni, akaagiza chai. Ikaletwa na karafuu moja ikielea juu, kana kwamba Pemba karafuu ni kitu cha kuonyeshana. Akainywa. Watalii wakaomba kumpiga picha na kanzu yake, naye kwa adabu akakubali.

Picha hizo ndizo zilizomzindua meneja. Kesho yake alikwenda Madungu mwenyewe, akamwomba ami aajiriwe kukaa barzani kila jioni, na kanzu, kofia na tasbihi. Mtu waliyetaka kumfukuza jana!

Ami alimsikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu," akasema, "pale mie nilikuwa nakaa. Mkinilipa n'takuwa nafanya kazi, na kazi nshastaafu."

Akahamia kwenye barza ya duka la jirani yake. Hoteli ikamvika kanzu dereva wake wa zamani, ambaye hushinda akichezea simu, na mimi nikatakiwa niwaambie wageni kwamba babu yake alikuwa karani wa sultani. Nilikataa, nikaacha kazi. Sasa nauza vitambaa sokoni, na wateja wangu nawaambia ukweli: vimetoka Dar es Salaam.