Taa Mbili za Vioo za Nyumba Yetu ya Ziwani

Juzi binti yangu alinipigia simu ile ya kuonana uso, akanitembeza nyumba yake mpya chumba kwa chumba. "Mum, angalia juu," akasema. Nikaangalia juu, juu ya nyumba yangu mimi hapa Kayole, nikaona buibui wangu na doa la maji ya mpangaji wa ghorofa ya tatu. "Si kwako! Kwangu!" Basi nikarudisha macho kwenye simu. Sebuleni alikuwa ametundika taa kubwa ya shandelia, vioo vinaning'inia kama mvua iliyokataa kufika chini. Kwenye korido kulikuwa na ndogo. Bafuni ndogo zaidi, kama kitindamimba wa zile mbili. "Sema kitu basi," akaniambia. Nikasema mtandao ni mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa.

Wewe unanijua. Mimi ni mtu wa nyumbani, safari yangu ndefu ni kwenda kuanua nguo. Nilikaa pale kitini na chai yangu ikapoa, kwa sababu sisi pia tuliwahi kuwa na taa za namna hiyo, kubwa na ndogo, katika nyumba ya chumba kimoja na pazia katikati.

Hiyo ilikuwa katika mtaa wa Ziwani, kwa nyanya yangu, mama yake baba, nilikolelewa. Nyanya alisugua ngazi za hoteli moja mjini kwa miaka mingi. Hoteli ilipobadilisha vitu vyake, wafanyakazi waliambiwa wachukue takataka wanazotaka. Wenzake walichukua mapazia na mito. Nyanya alichukua taa mbili za vioo. Kubwa ilikuja kwa mkokoteni ikiwa ndani ya gunia, yeye akitembea kando yake ameishika kama mgonjwa. Ndogo aliibeba kichwani. Watu wa Muthurwa walimwuliza kama anauza.

Nyumba yetu haikuwa na dari. Fundi wa stima, jirani yetu wa mlango wa pili, aliifunga ile kubwa kwenye mbao za paa kwa mnyororo wa baiskeli, na hata hivyo ilifika kifuani mwa mtu mzima. Ilibidi meza ikae chini yake maisha yote, ili mtu asijigonge. Ile ndogo iliwekwa mlangoni, na kila aliyeingia aliinama, apende asipende. Nyanya alifurahia sana jambo hilo. "Sasa hata karani wa kodi ananisalimia kwa heshima," alikuwa akisema.

Kila Jumamosi tulizioga. Ndiyo, nyanya alisema kuoga, si kuosha. Shangazi yangu, kitindamimba wa nyanya, alifungua vioo kimoja kimoja, akavitia kwenye beseni la maji ya vuguvugu na siki kidogo, mimi nikavipanga juu ya leso. Nyumba ilinuka siki na mafuta ya taa na mandazi. Jua likiingia kupitia kwa vile vioo, ukuta wetu wa chokaa ulijaa rangi, na shangazi alinishika mkono akaupitisha kwenye rangi hizo akisema, "Vaa bangili yako." Alikuwa na vidole vyepesi sana. Alipika kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Ugali wake ulitoka kwenye sufuria mzima, umbo la sufuria, bila kubaki hata punje.

Na alikuwa amepata mtu. Kijana wa magharibi, karani wa reli, mpole, wa viatu vilivyong'aa. Wakapanga watu wake waje kujitambulisha, halafu wakirudi mara ya pili ndio yazungumzwe ya mahari. Shangazi alikuwa na miaka thelathini na kitu. Pale mtaani walishaanza kumwita "mama" bila mtoto. Kwa hivyo ujue ile ziara ilikuwa nini.

Kwetu, wageni wa namna hiyo wakija, mtaa mzima unakuazima. Vikombe vilitoka nyumba moja, vitambaa vya viti nyumba nyingine, viti vyenyewe kanisani. Taa tu ndizo zilizokuwa zetu. Nyanya akamwambia fundi, "Leo ziwake zote." Siku zote tulikuwa tunawasha balbu moja tu, kwa sababu zikiwaka nane fyuzi ilikuwa inalia.

"Mama, saa tisa mchana na jua hili?" fundi akauliza.

"Nitafunga mapazia."

Na akafunga. Basi wageni wakaingia, wazee wanne na kina mama watatu, wakainama mlangoni mmoja mmoja kama wanaingia kwenye pango, wakakaa gizani katika joto la balbu nane. Msemaji wao, mjomba wa yule kijana, mzee wa kofia ya manyoya, alikaa upande wa pili wa meza, na kila alipotaka kumwambia nyanya jambo, alifungua vioo kwa mkono kama anafungua pazia. "Mama, tumefurahi," akasema, vioo vikalia *chwi*. Akaviachilia. Akavifungua tena. "Nasema tumefurahi." Mimi nilijificha nyuma ya pazia letu nikiuma kidole nisicheke.

Nyanya alikuwa amenionya asubuhi, "Ukimwambia mtu zilitupwa, nitakutupa na wewe."

Walikula kuku wa shangazi, wakanywa chai. Kisha yule mzee wa kofia akatoka nje kupata hewa, akanikuta nimekaa mlangoni na andazi langu. Akakaa kando yangu, akavua kofia, akajipepea.

"Mama," akaniita, "hebu niambie. Hiyo taa nyanya yako aliinunua wapi?"

Nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa nimekatazwa ukweli. Mtu aliyekatazwa ukweli afanye nini? Nikamwambia, "Hizi ni za huku tu. Kubwa ziko kwa ile nyumba ingine."

"Ipi ingine?"

Nikampa hoteli. Nilikuwa naijua yote kutoka kwa hadithi za nyanya. Nikampa ngazi za zulia jekundu, nikampa mtu wa kufungua mlango, nikampa vyumba ambavyo sikuweza kuvihesabu.

"Ehe," mzee akasema polepole. "Na shangazi yako amelelewa huko?"

"Ndiyo."

"Anapika?"

Ewe rafiki yangu, nilikuwa nimeshapata mbio, sikuona pa kusimama. "Aah, yeye hapiki. Kuna watu wa kupika. Yeye akitaka kitu anapiga kengele."

Mzee alinitazama, akaitazama ile nyumba ya chumba kimoja yenye giza la mchana na mwanga wa arusi, akavaa kofia yake. Ndani nilimsikia akisema, "Mama, tumeona. Tutarudi." Kuku aliyekuwa tumboni mwake alikuwa amepikwa na shangazi tangu saa kumi na moja alfajiri.

Hawakurudi. Jumamosi ya kwanza tulizioga taa, ya pili tukazioga, ya tatu shangazi alizioga peke yake. Ndipo yule kijana akamngoja shangazi nje ya mahali alikofanya kazi, wakaongea wamesimama, naye shangazi akarudi nyumbani akakaa kitandani na koti mwilini.

"Wazee wamesema sisi ni watu wa juu," akamwambia nyanya. "Wamesema hawatatuweza."

"Sisi?" nyanya akasema. "Watu wa juu? Na choo tunagawana nyumba nne?" Akacheka. Akacheka mpaka kicheko kikageuka, akaanza kujipiga kifuani. "Ni hii taa. Ni mimi na hii taa yangu."

Alimwita fundi jioni hiyo hiyo. Zikashushwa, kubwa na ndogo, na mnyororo wake. Mimi nilishika beseni wakivitia vioo ndani. Ningesema nini? Kila siku niliyonyamaza ilifanya ya kesho kuwa nzito zaidi. Nyanya aliishi miaka mingine mingi akijua kwamba ni yeye aliyemharibia binti yake kwa kupenda makuu, na mimi nilimwacha ajue hivyo.

Yule kijana alioa kwao. Taa sijui zilikwenda wapi. Nafikiri mnunuzi wa vyuma alichukua fremu, na watoto wa mtaa wakamaliza vioo. Lile paa limefunikwa dari siku hizi, na mtaani hakuna tena anayemwazima mgeni wako vikombe.

Shangazi hakuolewa. Alibaki, na kwa kuwa alibaki, ni yeye aliyenisuka, aliyenilipia karo mpaka kidato cha nne, aliyenifundisha ule ugali ambao mimi mpaka leo nauchoma chini. Kila nilichokula cha utoto wangu kiliwekwa mezani na ule uongo. Nikijaribu kuujutia vizuri, moyo wangu unakwama, kwa sababu bila ule uongo angekwenda, nami ningebaki na nani?

Siku moja, nikiwa kidato cha pili, nilikuwa nimekaa chini kati ya magoti yake ananisuka. Akaniuliza, kama mtu anayeuliza kitana kiko wapi, "Siku ile ya wageni, yule mzee wa kofia alikuuliza nini pale nje?"

"Jina langu," nikasema.

Vidole vikasimama kichwani mwangu.

"Jina lako ni fupi," akasema. "Na mlikaa sana."

Kisha akageuza kichwa changu upande wa pili, taratibu, akaendelea kusuka. Hakuuliza tena. Tulimzika mwaka juzi, na nywele zangu, zilizobaki, nazifunga tu kitambaa.