Clavier ya Maman Godelive

Ukitaka kumukasirisha Maman Godelive, kalia kiti yake mbele ya ordinateur, ile kompyuta yake. Utaona! Mimi Chantal nilifanya naye kazi mu bureau moja hapa Bukavu, ku shirika ndogo ya kugawia walimaji wa Walungu mbegu, na ninasema kweli tupu: ile mashine aliipenda kuliko wakwe zake wote.

Aliipanga kama mutu anavyopanga salon yake. Herufi alizikuza mpaka muzee asiye na miwani angezisoma akiwa barabarani. Corbeille, pale pa kutupia mafaili, akaiita "Jalala". Na navigateur, ile dirisha ya kuingilia internet, aliifundisha kusahau: kila akiifunga, historique yote, kumbukumbu ya kurasa alizofungua, inafutika. Lakini chenye kilituchokesha kabisa ni clavier, ubao wa vibonye. Vibonye viliandikwa Kifaransa, yeye ndani akaipanga Kiingereza. Ukigusa A, inatoka q. Ukigusa M, inatoka nukta na mukato.

"Maman Godelive, hii iko luga ya Mashi ya wapi?" directeur wetu, Papa Alphonse, aliuliza siku moja mbele ya rapport yenye alijaribu kuiandika pale.

"Mashine imechoka, Papa."

Eh! Uongo mweupe kama unga wa muhogo.

Tulimucheka, lakini kwa sauti ya chini, juu sababu ya kufungia watu ile mashine tuliijua. Bwana yake, Papa Emile, alienda Kinshasa kwa safari ndogo ya kazi, vita ikaanza, inchi ikakatwa vipande. Kwetu huku waasi, kule serikali. Kumuandikia mutu wa Kinshasa kulitosha upelekwe kachot, gereza yao, na wengine walienda hawakurudi. Yeye alimuandikia ku mashine ile kila siku ya tano, Ijumaa, wakati sisi tunakula. Kama wangemukamata, binti yake Joviale angebaki na nani? Nilimuogopea sana, ninasema wazi.

Basi, siku ya tano moja, mutu wa usalama akaingia. Afande Adalbert, mwenye mutaa wote ulimukimbia. Miwani ya jua, ndani ya nyumba! Papa Alphonse akakumbuka gafula kwamba iko na mukutano. Mimi nilibaki, si kwa ushujaa, mimi sikuwa na mukutano.

Maman Godelive alikuwa katikati ya barua. Akafunga dirisha ya internet mbio.

"Nani hapa anaandikia Kinshasa?"

"Hakuna, afande. Sisi tunaandika mambo ya maharagi."

"Toka mu kiti."

Yesu wangu! Akatoka. Akajifunga kitenge vizuri, akasimama pembeni. Afande akakaa, akatafuta historique.

"Haina kitu."

"Haina, afande."

"Tangu lini?"

"Tangu iumbwe."

Nilitaka kucheka na kulia pamoja. Afande akafungua ukurasa mutupu, akaanza kuandika kwa kidole kimoja, polepole, macho ku vibonye. Niliposogea, niliona takataka tu:

;q;qn

Mimi sikuelewa kitu. Lakini Maman Godelive alikuwa anaisoma luga ile kila siku. Akaangalia ile neno, akamuangalia afande, na uso wake ukabadilika.

"Mutoto wangu," akasema, "maman yako iko wapi?"

Afande akavua miwani. Kumbe macho yake yalikuwa ya kijana tu, mekundu.

"Kinshasa, kwa dada yangu. Hajue kama niko muzima. Watu wanasema mashine ya hapa inasahau, Maman. Bakubwa bangu bakijua, bataniua."

"Na wewe ulikuja kututisha hivi, badala ya kubisha hodi kama mutu mwenye alizaliwa na maman?" Aliwaka kweli, yule mama. "Toka mu kiti yangu!"

Akatoka mu kiti mbio, na bastola yake kiunoni. Maman Godelive akakaa, akafuta zile takataka, akaandika "Maman" sawasawa, akangoja.

"Sema sasa."

Afande akasogea karibu na kiti. Alisimama pale analia, mutu mwenye tulimuogopa sisi wote, na Maman Godelive akamupatia ncha ya kitenge chake apanguse uso.

"Jikaze, sema," akamuambia. "Na wiki kesho uje siku ya ine. Siku ya tano iko ya bwana yangu."